Mwezi Alioufuta Mutheu

Matinyani, Alhamisi

Kumbe Mutheu alikuwa sahihi. Nimeusoma ukurasa wa kitabu cha sayansi mara tatu. Mwezi unavuta bahari, maji yanajaa na kupwa, na kuvutana huko huko kunausogeza mwezi mbali nasi, kidogo sana kila mwaka, kama kucha zinavyokua.

Jumatatu alisimama darasani, ameshika daftari alimochora dunia, jua na mwezi, akauliza, "Mwalimu, mwezi ukiendelea kwenda mbali, si siku moja utaonekana mdogo, ushindwe kulifunika jua?"

Swali la mtoto wa gredi ya nane! Jibu sikulijua. Badala ya kusema sijui, nikageuka mzee wa kanisa. "Mungu aliuweka mahali pake, na hapo ndipo utakaa." Darasa zima likaitikia "Amina!" kisha likaangua kicheko. Nami nikacheka. Kicheko hicho changu ndicho kinanikera hadi sasa.

Kwani Mungu angepungukiwa na nini kama ningesema tu sijui?

Leo nimejirekebisha mbele yao wote. Nimesema mwalimu alikosea, Mutheu alisema kweli. Nikamwomba atuonyeshe ule mchoro aliokuwa nao siku ile.

"Nilishafuta, mwalimu. Ni sawa tu."

Jioni nimesahihisha madaftari, nikafikia lake. Dunia ipo. Jua lipo, limepakwa rangi vizuri. Lakini alifuta kwa nguvu sana. Pale mwezi ulipokuwa, karatasi imetoboka.