Pasi ya Bwana Saa

S.L.P. 418,
14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo za miaka yote ambayo sijawahi kukuamkia ana kwa ana. Goti lako linaendeleaje? Barua yako ya mwisho ilisema daktari amekukataza ngazi, na mimi najua wewe ni mtu wa kupanda ngazi hasa ukikatazwa. Mumeo na presha yake je? Na wale pacha, bado mmoja anasoma na mwingine anamnakilia?

Sisi huku wazima. Mama aling'olewa jino la nyuma mwezi uliopita. Tulidhani atapumzika kuongea japo siku mbili, lakini alianza kumsimanga daktari kabla ganzi haijaisha. Mimi bado ni karani wa masjala, ghorofa ya pili, meza iliyo karibu na dirisha lisilofunguka.

Shangazi, kabla sijaendelea nataka ujue kwamba Baba mkubwa amekuja leo kunikataza tena kukuandikia haya. Nimemsikiliza mpaka mwisho, nimemwitikia, nimemsindikiza hadi mlangoni, kisha nimerudi kuketi na kushika kalamu. Ni habari ya ile meza.

Najua hujapata kuitaja katika barua zako, hata moja. Mimi nimekua nikiisikia. Kila nilipovunja kikombe niliambiwa nimerithi mikono ya shangazi yangu, aliyechoma meza ya tajiri kwa pasi akiwa na miaka kumi na saba, akasababisha ukoo mzima utolewe kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, kisha akaenda mbali kwa aibu asirudi. Hivyo ndivyo nilivyokujua mwanzo. Sasa nakuomba uketi, uweke goti juu ya kigoda, usome taratibu.

Mwezi uliopita nilipata likizo ya siku tisa. Leseni ya udereva ninayo tangu mwaka juzi, lakini nilikuwa nimeihifadhi kama cheti cha ubatizo, kitu cha kuonyesha tu. Mama akaniuliza nangoja nini, nizeeke? Anataka kuiona tena pwani, miji yake midogo na majumba ya mashamba ya zamani ambayo siku hizi wageni wanaingia kutazama. Baba mkubwa alisema wanawake wawili kwenye gari la kukodi ni kutafuta msiba. Nikaogopa sana. Asubuhi iliyofuata nikaenda kukodi gari, dogo, jeupe, lenye mkwaruzo mlango wa nyuma ambao niliuchora kwenye karatasi na kumtaka mwenye gari atie sahihi ili asije kusema ni wangu.

Niliendesha kama ninavyofungua faili la siri, polepole na kwa mikono miwili. Mama alikuwa na breki yake upande wake, isiyokuwepo, na aliikanyaga mpaka zulia likakunjika. Kila lori lilipotupita alisema, "Mwache apite, huko aendako hawamtaki."

Mji wa kwanza una mnara wa taa na barabara nyembamba inayoteremka hadi forodhani. Ilinibidi niegeshe kinyumenyume mbele ya kinyozi. Wateja wote wakageuza viti. Kinyozi mwenyewe akatoka na kitana sikioni, akaanza kuniamrisha: "Kata! Kata tena! Usimtazame huyu, nitazame mimi!" Mteja mwenye nusu ya kichwa kilichonyolewa akamwambia, "Wewe gari huna, unamfundisha nini dada wa watu?" Nilitoa jasho kuliko siku ya usaili wa kazi. Lakini gari liliingia, Shangazi, na walipiga makofi.

Siku nne zilipita hivyo, mji baada ya mji. Vyumba vya kulala vilikuwa safi, na madirisha yake yalinuka chumvi. Jumba la kwanza la shamba tulilolitembelea lilikuwa na magari ya farasi na picha za watu wasiotabasamu. Tulikunywa chai kwenye baraza, tukaondoka. Mama alikuwa amefurahi. Ndipo akasema, akitazama nje dirishani, kwamba la pili lipo kilomita kumi na moja mbele, lile la ndimu. Lenu. Akasema, "Tupite tu tulione geti."

Geti lilikuwa wazi. Tuliingia.

Nyumba za wafanyakazi hazipo tena, sasa ni uwanja wa kuegesha. Mama alisimama kwenye mstari mweupe namba ishirini na sita akasema hapa ndipo lilipokuwa jiko lake alipoolewa. Halafu tukaenda na kundi la wageni kama kumi, tukiongozwa na mama mmoja mtu mzima mwenye mwavuli uliofungwa, ambao aliunyoosha kuonyeshea vitu. Alituambia habari za mwenye shamba, yule mliyemwita Bwana Saa kwa sababu alitoa saa mfukoni kila mtu alipofungua mdomo. Tukafika chumba cha kulia.

Meza ipo, Shangazi. Imezungushiwa kamba nyekundu, na lile doa jeusi lenye umbo la pasi limefunikwa kwa kioo.

"Haya, sogeeni wapendwa, hii ndiyo ambayo kila mtu huijia," akasema yule mama. Akasimulia kwamba siku moja Bwana Saa alibishana na mgeni wake aliyedai kuwa mwanamume hawezi kupiga pasi shati lake mwenyewe. Akaleta pasi, akatandika shati juu ya meza ya mkewe, akapiga pasi mkono mmoja wa shati, kisha akaiacha pasi pale akamchukua mgeni kwenda kumwonyesha saa mpya ya ukutani. Waliporudi, moshi. Kwa kumwogopa mkewe akasema ni msichana wa dobi. Mkewe hakujua mpaka mzee alipokufa, akayakuta yote kwenye kitabu chake cha kumbukumbu, kwa mwandiko wake. "Kwa hiyo, akina baba," akamalizia, "msiseme hamjui kupiga pasi!"

Wakacheka. Wote. Mmoja akauliza, "Na yule msichana?" Yule mama akanyoosha mwavuli ukutani. "Yule akakiri! Si mnamwona, barua yake ile pale." Wakacheka tena.

Nilisogea. Kwenye fremu kulikuwa na karatasi ya daftari iliyogeuka njano: mimi fulani binti fulani nakiri kwamba kwa uzembe wangu nilichoma meza, naomba radhi, na nyumba yetu tusinyang'anywe. Chini ipo sahihi yako, majina yote matatu. Ninazo barua zako kumi na nane kwenye boksi la viatu. Sahihi yako ningeitambua hata ingekuwa imeandikwa mchangani. Lakini maneno ya juu si mwandiko wako. Zile herufi zilizolalia kushoto nimezisoma katika daftari la vikao vya ukoo tangu nijue kusoma. Ni za Baba mkubwa.

Nilimtazama Mama. Akasema kwa sauti ndogo, "Alikataa siku nzima. Mwishowe kaka yake akamshikisha kalamu." Na nyumba walichukua vilevile.

Mimi ni mtu mwoga, Shangazi, wewe huwezi kujua kwa sababu kwenye barua huwa najitia ujasiri. Mkuu wa masjala akikohoa, mimi husimama. Lakini nilisikia mdomo wangu ukimwambia yule mwenye mwavuli, "Mama, naomba uitoe hiyo karatasi. Huyo msichana ni shangazi yangu."

Yule mama aliteremsha mwavuli. "Dada yangu, mimi ni wa kutembeza tu."

"Basi mwite asiyetembeza."

"Kundi linasubiri."

"Lisubiri."

Nikashika ile kamba nyekundu. Mama yeye alikuwa ameshaona mahali pa kukaa: kiti cha mbao chenye kibao cha *Tafadhali usikikalie*. Akakikalia, akaweka mkoba mapajani. Mwenye mwavuli akaruka kama kakanyaga moto. "Mama! Kiti hicho kina miaka mia mbili!"

"Mimi nina hamsini na tano na miguu inaniuma," Mama akamjibu. "Kikivunjika mtasema tumekivunja sisi, si ndiyo kawaida yenu?"

Wageni hawakucheka tena. Yule aliyeuliza kuhusu msichana alivua kofia yake.

Meneja alikuja, kijana nadhifu mwenye funguo nyingi. Alisema hiyo ni historia, na historia haimlengi mtu. Nikamwambia jina la shangazi yangu limeandikwa kamili ukutani, na kosa la Bwana Saa limefanywa mzaha. Akasema bila idhini ya wadhamini hawezi kugusa kitu. Nikasema sitoki. Akauliza nafanya kazi wapi, nikamtajia, pamoja na ghorofa. Akayaandika. Tulikaa pale saa nzima na dakika ishirini, makundi mawili yakarudishwa mlangoni. Mwishowe aliishusha fremu, akaifungia kabatini. Kwa muda, alisema. Nikamwomba anipe hati kwamba ameishusha, yenye tarehe na muhuri. Alikunja uso, lakini alinipa. Nakala nimekuambatanishia, pamoja na kijitabu wanachokiuza mlangoni. Ukurasa wa kumi na mbili, ile hadithi yote ipo, wameichapa wenyewe. Wanauza pia vitambaa vya jikoni vyenye picha ya doa la pasi. Vitambaa hivyo sikukuletea.

Hivyo Shangazi, meza hukuichoma. Wewe ulijua miaka yote. Sasa na sisi tunajua, na hakuna wa kukuambia vingine mbele yangu.

Tuliporudi nilimpelekea Baba mkubwa kile kijitabu, nikiwa na Mama. Alikisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Nilitaka kumchukia lakini nilishindwa kidogo. "Nilikuwa na wadogo wanne na mke mjamzito," alisema. "Niliandika ili tusilale nje." Tulilala nje, Mama akamkumbusha, wiki mbili, nyuma ya lori. Akakifunga kijitabu. Halafu ukali ukamrudia. Aliniambia kazi yangu ni kutunza mafaili, siyo kuyafukua, na kwamba nikikuandikia nitakuwa nimemvua nguo mbele ya ukoo. Nikamwambia, "Baba mkubwa, shikamoo yako nitakupa kila asubuhi mpaka nife. Kalamu sikupi."

Jumatatu iliyopita Mkuu wa masjala aliniita. Meneja alikuwa amempigia simu. Anataka niandike barua ya kuliomba radhi lile jumba kwa fujo, kabla ya Ijumaa, na kwa wema wake ameshanitungia maneno, nitie sahihi tu. Niliitazama ile karatasi nikamrudishia. Nilimwambia sitatia. Akasema nifikirie kazi yangu. Nimeifikiria, Shangazi, usiku na mchana, sikudanganyi. Ijumaa ni keshokutwa. Sitatia.

Sasa yaliyobaki ni yako. Wadhamini wanakutana mwisho wa mwezi ujao. Meneja amesema karatasi ile ni mali ya jumba, na anayeweza kuikana ni mwenye sahihi peke yake, kwa maandishi. Bila hivyo itarudi ukutani. Nimemuuliza mara mbili, na jibu lake nimelinakili.

Kwa hiyo ndani ya bahasha utakuta karatasi moja nyeupe. Kazi yangu ni kuandikia watu barua, na kwa hofu zangu nilikwisha kuanza kukutungia: *Mimi niliyetia sahihi hapo chini.* Nikaichana. Mara ya kwanza ulipewa maneno na mtu aliyekupenda. Mimi sikupi hata neno. Tarehe sikuweka, mstari sikupiga. Ukitaka kuandika kurasa kumi, ongeza karatasi. Ukitaka kuwatukana, watukane, nitaipeleka hivyo hivyo, nikiendesha mwenyewe. Na ukiona hawastahili hata wino wako, nirudishie ikiwa tupu. Nitawapelekea tupu, nao waitundike pale ilipokuwa ile nyingine, wageni waisome.

Nisalimie mumeo, umwambie apunguze chumvi. Wasalimie pacha, hasa yule anayenakili. Mama anakusalimu sana. Anasema siku ile hakusema neno kukutetea kwa kuwa alikuwa mke mgeni, na kwamba ameshapita umri wa kuwa mgeni.

Mungu akupe usingizi mzuri, na goti lisilokukataza kitu.

Akupendaye, na asiyeomba radhi kwa hilo,
Binti wa marehemu kaka yako.