Mtoto wa Nyuma

Ng'ambo, Tabora

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kifua kimepoa, na tumbaku ya huko Urambo inakauka vizuri. Mfikishie mama shikamoo yangu. Sisi ni wazima. Mke wangu Julieth anakaribia kujifungua, na yeye ndiye chanzo cha barua hii, maana mambo haya yasingesemeka kwenye simu.

Julieth alitaka mtoto apewe jina langu. Akauliza, akiwa wa kike je? Miaka yote nimeitwa Postumus bila kujua maana yake. Tukaenda kwa Padre Lugembe, aliyewahi kufundisha Kilatini seminarini. Alifurahi kuulizwa. Alisema ni kivumishi: mwanamume ni postumus, mwanamke postuma, na kisicho cha kiume wala cha kike ni postumum. Kimetokana na posterus, yaani anayekuja nyuma. Basi postumus ni wa mwisho kabisa, kitinda mimba.

Nikacheka, nikamwambia mimi ni kifungua mimba, nyuma yangu wapo Martha na Recheli. Padre akaeleza kwamba watu wa baadaye walichomeka herufi h, wakidhani neno limetokana na humus, udongo. Tangu hapo likawa la mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa ameshazikwa.

Nilijiambia aliyenibatiza alikosea tu. Lakini swali halikuniacha. Jumapili nikaenda Ipuli kwa shangazi Apolinaria. Aliweka chini ungo wa mchele, akasema, "Hilo kamuulize baba yako." Nikamuuliza, yupi? Hapo akalia.

Baba, sasa najua. Kaka yako Nikolaus alipigwa na radi shambani, mama akiwa na mimba yangu. Ukamwoa mama, ukakataza mtu yeyote kuniita yatima. Shangazi anasema kila mwaka unakwenda peke yako kupalilia kaburi lake, huku ukituaga kwamba unakwenda kutazama mizinga ya nyuki.

Sina kinyongo. Baba ninayemjua ni wewe. Ila nina hamu ya kumfahamu na huyo mwingine: alichekaje, alipenda kula nini, na kama sura hii ni yake. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja na jembe langu. Naomba safari hii twende sote wawili.

Wasalimie wadogo zangu, na mama umwambie asiogope kuniona.

Ni mimi mwanao,
Postumus Mathias