Saa Tano Aliyoiona Mama

Viwanja Sitini,
Ifakara.
16 Juni

Mpendwa Dada Levina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya huko Leipzig imewaachia kidogo. Vipi lile goti linalokusumbua ukimaliza zamu? Huku sisi tu wazima. Mama naye ni mzima, mzima kabisa, na neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, mtu ambaye hata insha za shule uliniandikia wewe. Nimekuandikia kwenye simu mara nne nikafuta. Padre Polycarp anakuja huko masomoni wiki ijayo, nikaona nikishamkabidhi bahasha sitathubutu kumnyang'anya padre.

Mpunga mwaka huu umekubali. Shamba la mama kule Kivukoni tumelivuna wiki mbili zilizopita, na ndege hawakutusumbua sana.

Sasa nije kwenye ile saa. Zile taa za namba ulizozikuta kwenye soko la vitu vya zamani, ukanitumia zimeviringishwa kwenye soksi za shemeji, zilifika zote nzima. Picha nilikutumia, lakini picha haisemi kitu. Kila taa ni kichupa cha kioo, na ndani namba zote kumi za waya mwembamba zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Ukiipa umeme, namba moja inawaka peke yake, rangi ya kaa la moto, na zile nyingine zinabaki gizani zikingoja zamu. Zimetengenezwa kabla sijazaliwa na bado zinawaka. Nilihangaika nazo miezi miwili kuziunda ziwe saa, maana zinataka umeme mkali, na mara mbili zilinipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Mashimba seremala akanichongea kisanduku cha mninga. Siku niliyoiwasha dukani kwangu watu walijaa mlangoni, na mdogo wako nikavimba kichwa.

Niliipeleka chumbani kwa mama. Macho yake hayaoni tena mishale ya saa ya ukutani, lakini namba zile alizisoma kutoka kitandani bila miwani. Alifurahi sana. Nilimwambia saa hii haikosei, hata umeme ukikatika ina betri ya kushika majira. Nilimwambia hivyo mara nyingi mno. Chumba chake kina soketi moja tu, kwa hiyo chaja ya simu nikaichomoa, nikasema simu atachaji kwa jirani.

Mama mdogo Bernadeta alipofariki mwezi wa nne, wewe uliambiwa kwamba mama alikosa maziko ya mdogo wake kule kijijini Mbingu kwa sababu siku hizi hata saa haisomi. Dada, mama aliisoma saa sawasawa. Mwenye kosa ni mimi.

Ilikuwa hivi. Kuna mwalimu mmoja aliiona saa dukani akanichokoza. Akaniuliza kwa nini saa ya fundi wa Ifakara inaonyesha 7 wakati sisi tunasema saa moja. Maneno yale yakanikaa. Ijumaa ile, kesho yake tunazika, nilipita kwa mama kuchukua masufuria ya msibani. Yeye alikuwa kanisani kwenye sala na akina mama wenzake. Nilikuwa na kompyuta yangu kwenye begi, nikakaa kitandani kwake dakika kumi, nikaipanga saa upya ili saa moja ionyeshe 1 na saa mbili ionyeshe 2. Nilitaka aone mwenyewe ashangae. Kisha nikapanda gari la masufuria kwenda Mbingu kuchimba kaburi, bila kumwachia neno. Tumefiwa, dada, na mimi nachezea saa.

Mama alirudi amechoka, akalala bila kuitazama. Alfajiri akafungua macho. Ilikuwa saa kumi na moja, na taa zangu zikaonyesha 11 kama nilivyozipanga. Yeye akasoma kama alivyosoma kila saa maisha yake yote: kumi na moja ni saa tano. Saa tano ya usiku. Jogoo alimsikia akiwika, lakini saa ilikuwa imesifiwa kwamba haikosei, basi akamwona jogoo ndiye mwongo, akajifunika tena. Magari mawili ya ukoo yakaondoka stendi saa kumi na moja na nusu, watu wa hili wakidhani kapanda lile. Walimpigia simu njiani, haikuwa na chaji.

Alifika saa saba mchana kwa bodaboda, tope hadi magotini. Padre alikuwa na misa nyingine mbali, kwa hiyo tulizika mapema. Akina mama walikuwa wanaosha vyombo. Mama akasimama mbele ya udongo mbichi, akasema aliamka, akatazama saa, akaona ni saa tano. Watu wakatazamana.

Mjomba Nickolaus akasema taratibu, "Dada yangu ameanza kuchoka akili."

Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nilishaelewa kila kitu. Nikamjibu, "Ndiyo mjomba, siku hizi anasahausahau."

Nilisema hivyo, dada. Hakuna aliyeniuliza. Watu wawili walishaniagiza saa kama ile, na niliona haya kuambiwa kwamba saa yangu ndiyo iliyomkosesha mama kumwona mdogo wake mara ya mwisho. Tuliporudi nikawahi chumbani kwake, nikairudisha saa ilivyokuwa, kama mwizi anayefuta nyayo. Kaka Fidel alipokuja kutoka Morogoro kuikagua aliikuta inasema sawa. Mama naye aliitazama, akaikuta inasema sawa, akajiona yeye ndiye mbovu.

Mengine unayajua. Mliamua kwenye simu zenu kwamba baada ya mavuno Fidel amchukue akaishi naye, na shamba apewe mtu. Wewe ukampigia ukamwambia asiwashe moto akiwa peke yake. Mimi niliandika "sawa". Toka hapo mama akawa anamwita jirani aje aonje chumvi kabla hajapakua. Akiwa na mimi ananiuliza leo ni siku gani, wakati anaijua. Nilikuwa namtazama akipungua hivyo na bado nikanyamaza, majuma nane.

Jumapili iliyopita nikashindwa. Nilimkuta anapepeta mchele nyuma ya nyumba, nikamweleza yote. Ungo ukasimama mikononi mwake. Akaniambia nirudie polepole, nikarudia.

"Kwa hiyo siku ile nilisoma sawasawa," akasema.

Nikamjibu ndiyo, mama. Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nilingoja anitukane, na afadhali angenitukana. Akasema tu kwamba aliyengojwa na mdogo wake ni yeye, na huyo mdogo wake hajaambiwa.

Jumanne tukaenda Mbingu. Mbele ya watoto wa mama mdogo na Mjomba Nickolaus nililitamka kosa langu lote kaburini, nikiwa nimevua kofia. Mama akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye udongo, akasema, "Bernadeta, sikukusahau. Niliamka."

Fidel nimempigia, amenifokea na ana haki. Uliyebaki ni wewe. Sina uso wa kukuomba kitu, lakini hili naliomba kwa ajili yake: mpigie mama, muulize mambo kama zamani, mbegu gani apande mwakani, watoto watakaozaliwa huko wapewe majina gani. Na ukija mwezi wa nane, usije kumhamishia kwa Fidel. Njoo kumsalimia.

Mjomba Nickolaus anakusalimu, na watoto wa mama mdogo wanakushukuru kwa rambirambi. Nifikishie shikamoo kwa shemeji, na wapwa zangu Careen na Theodori wabusu kwa niaba yangu. Mungu awalinde mkiwa ugenini na atukutanishe salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Octavian