Chakula cha Mara ya Tano

Kaka yangu,

Majani uliyopanda ndani ya tangi la samaki yamestawi vizuri, ila samaki wawili wamekufa. Jumamosi nilipima maji kwa dawa ulizoacha. Badala ya njano, rangi ikawa kijani: amonia imezidi. Nikabadilisha nusu ya maji. Jumatatu, kijani tena.

Jana nikashinda nyumbani ili nichunguze. Baba aliwalisha samaki, akanawa mikono, akakaa kusoma gazeti. Punde akainuka, akawalisha tena. Kufikia saa sita mchana ilikuwa mara tano, na chakula kinaozea kwenye changarawe.

"Baba, umeshawalisha," nikamwambia.

"Lini?" Alishtuka kweli, kopo mkononi. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemkaribisha mgeni, "Samahani, mama, wewe ni nani?"

"Ni mimi, mwanao."

Akacheka. "Mwanangu yuko shule saa hizi."

Kopo la chakula nimelificha, kaka, na maji yataanza kutulia. Daktari tutamwona Alhamisi.

Njoo upesi, maana wewe bado anakutaja kwa jina.

Mdogo wako