Bangili ya Shaba

Mjukuu wangu Neema,

Hapa mtaani Nateete sote tu wazima. Mjomba wako amepata kibanda sokoni, anauza vitenge.

Umeuliza kama bangili niliyokutumia ni ya dhahabu. Ni shaba tu. Mama yangu alinivalisha tulipoagana Kongo, na sikumwona tena.

Siku ya kumzaa mama yako, katika hospitali ya huku ugenini ambako sikuijua lugha ya watu, madaktari waliamua kunipasua. Mkono ulikuwa umevimba, bangili haikutoka, wakaleta koleo waikate. Nikalia. Muuguzi mmoja, mke wa askari kutoka kaskazini mwa nchi hii, akaniambia kwa Kiswahili, "Tulia, dada." Akanipaka sabuni, akaizungusha polepole mpaka ikatoka.

Nilipozinduka nikaiona mkononi mwake.

"Nikiiweka mezani itapotea," akasema. "Uvimbe ukishuka nitakurudishia."

Sikumwamini. Moyoni nilimwita mwizi.

Siku ya tatu alikuwa na mapumziko, lakini alikuja kwa miguu, akaivua, akanivalisha. Ilikuwa bado na joto la mkono wake. Tangu niagane na mama, hakuna aliyekuwa amenishika mkono hivyo.

Ivae, mwanangu. Ikikuachia rangi ya kijani usishtuke, ndivyo shaba ilivyo.

Bibi yako,
Mapendo