Upande wa Oyoo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Elias Chenge. Umri: miaka 48. Kazi: fundi cherehani na mwamuzi wa mpira wa miguu. Makazi: Mabatini, Mwanza.

Nimefika kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa.

Mnamo tarehe 14/06/2025, saa 10:00 jioni, nilichezesha fainali ya mitaa kwenye uwanja wa shule hapa Mabatini. Dakika ya 71 ilipigwa kona. Mpira ulipookolewa, kipa Josephat alikuwa chini, meno mawili yametoka. Aliyesimama karibu naye ni Shimba wa timu pinzani, jezi namba nne. Nikampa kadi nyekundu. Kwa sababu ya kadi hiyo, Shimba yuko mahabusu tangu jana.

Sikumwona akipiga mtu.

Kwenye kona mwamuzi mmoja hawezi kuona yote. Kwa miaka tisa msaidizi wangu wa upande ule alikuwa Oyoo. Mimi nilitazama mpira na mikono ya mabeki, yeye na kibendera chake alimtazama kipa. Hatukuwa tunaambiana. Nikiinua macho, naye ananitazama. Mwezi Machi alivuka ziwa kwenda Kamanga kumuuguza mama yake, hajarudi. Nimemkumbuka sana, afande, hata ubishi wake wakati wa chai.

Siku hiyo kibendera alikishika Queen Odeta. Alisimama alipofundishwa, akatazama mstari wa goli. Hana kosa. Kabla ya mechi mwamuzi huwapa wasaidizi maelekezo, mimi sikumpa. Nilishasahau kwamba kuna watu wanaohitaji kuambiwa. Nikasimama palepale pa siku zote, kipa nikamwachia Oyoo.

Queen alinikimbilia akauliza, "Mzee Elias, umemwona aliyempiga?"

Nikajibu, "Nimemwona."

Ulikuwa uongo. Watu walishaanza kuingia uwanjani, na mimi niliona aibu kusema sijui.

Najua chama cha waamuzi kitaninyang'anya beji. Nimeivaa miaka kumi na tisa na bado naipenda. Lakini kijana asifungwe kwa macho ambayo hayakuwepo.

Niliyoyaona nimeyasema, na nisiyoyaona nimeyasema pia.

Sahihi ya shahidi: E. Chenge

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Sabina Akumu, tarehe 16/06/2025, saa 3:40 asubuhi. Nimemsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Aliacha filimbi yake mezani, nikamrudishia. Akauliza kivuko cha Kamanga kinaondoka saa ngapi.