Fimbo Aliyoichukua Mtani

Ndugu yangu Hamisi,

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na akutilie nuru humo. Dua nakuombea kila siku, lakini yapo mambo ya mchezo wetu ambayo hayana mahali katika dua. Hayo nimeona nikuandikie.

Siku ya maziko yako, tulipotoka makaburini, tulimkuta mtani wako Kasimu amesimama uani na fimbo yako ya gofu, ile fupi ya kusukumia mpira shimoni, uliyoichonga mwenyewe kwa mti wa mkulo. Akatangaza mbele ya waombolezaji, akininyooshea mimi kidole: "Marehemu alikuwa bahili, hata kuniaga hakuniaga! Fimbo hii naondoka nayo Handeni. Mjane akiitaka, aikomboe huyu mwalimu wa chuo, ambaye marehemu alishindwa kumfundisha. Siku ya arobaini, autie shimoni mpira mmoja tu!"

Watu waliangua kicheko. Mkeo hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba mpini ule umelika kwa umbo la kiganja chako, na kwamba hana kingine chenye alama ya mwili wako. Nawe wajua: alichokichukua mtani hakidaiwi kwa ugomvi wala hakirudishwi kwa huruma. Hukombolewa.

Basi nikawa naja kila baada ya sala ya alfajiri, na fimbo ya kuazima, kwenye majani uliyoyafyeka na kuyalaza nyuma ya nyumba yako hapa Magamba. Mkeo yumo edani. Alikuwa akinisikia kutoka dirishani, na kila nilipokosa nilijua amesikia.

Kwanza mpira ulikuwa ukipita upande wa chini wa shimo, ingawa macho yangu yaliapa kwamba pale ni sawasawa. Nikakumbuka ulivyosema: "Mwalimu, huku kwetu maji yote yanateremkia Mombo, na mpira nao una safari hiyohiyo." Nikaanza kulenga upande wa juu. Nikatuliza viganja, mabega yakabeba kazi, nikaacha kupiga kama mkata kuni. Lakini ugonjwa wangu wa zamani ukabaki: kuinua kichwa kabla mpira haujafika. Ulinikebehi sana kwa hilo. "Mbele ya Mola wako macho hayabanduki mahali pa kusujudu. Hapa unachungulia nini, mpira ni mwali?"

Nilifanya mazoezi hadi mgongo ukakataa. Siku nyingine mpira uliingia, siku nyingine haukuingia, na arobaini haikungoja.

Baada ya khitma watu walijipanga kuzunguka majani yako. Ukungu ulikuwa umeshuka. Dirisha la mkeo lilikuwa wazi kidogo. Kasimu aliuweka mpira mbali kuliko nilivyozoea, akasimama nyuma yangu. "Mzee, mikono hiyo inatetemeshwa na baridi ya Magamba au na aibu inayokuja?"

Nililenga upande wa juu wa shimo, nikasema bismillahi, nikasukuma. Kisha, Hamisi, sikuinua kichwa. Niliyatazama majani pale mpira ulipokuwa, yakiwa matupu, na shingo yangu ilitamani kugeuka kama anayeitwa jina lake. Nilingoja sauti ya mpira kuangukia shimoni. Sikuisikia. Nikajua nimemnyima mkeo haki yake.

Ndipo nikasikia mtu analia. Niligeuka nikamwona Kasimu, aliyefanya mzaha tangu tulipokuzika, ameziba uso kwa kofia yake. "Umeingia, mzee," akasema. "Umeingia polepole, kama wa marehemu."

Alinipa fimbo kwa mikono miwili. Niliipitisha dirishani. Mkeo aliipokea, akaufunika mpini kwa ncha ya kanga.

Kasimu ameomba nimfundishe, nami nakuahidi nitamfundisha, kwa subira ile uliyonipa mimi ambaye sikuistahili. Kila Alhamisi nitakusomea Yasini. Kwaheri, ndugu yangu. Mola akuridhie, nami niliyebaki anipe kufuata bila haraka wala hofu.

Wako katika imani,
Mwalimu Yahya